Kwaya ya Huddersfield na walimu wake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi naimba sauti ya nne katika kwaya ya mtaa wetu. Mgeni mmoja alitusimulia habari za kwaya ya Huddersfield, Uingereza, inayoimba tangu mwaka 1836, ilhali ya kwetu huyumba kila mwalimu anapohama, kwa kuwa huondoka na nota zake. Naomba kujua ni akina nani walioiongoza kwaya hiyo, na kama solfa tunayoimbia (ile ya do, re, mi) ilitoka huko. — Mwanakwaya, Moshi

JIBU: Ndugu mwanakwaya, kwaya hiyo ilianzishwa tarehe 7 Juni 1836 na wanaume 16 waliokutana katika nyumba ya wageni iitwayo Plough Inn, kwenye mji wa viwanda vya nguo za sufu, nao wakajitungia kanuni zao wenyewe. Kanuni moja ilimpa kila mwanachama bia, mkate na jibini katika mkutano wa mwezi; nyingine, ya mwaka 1842, iliwafungia mlango waliohudhuria mikutano ya wasoshalisti, na hata ikamkataza mtunza maktaba kuwaazima nota. Hii ya pili ilikuwa kali kupita kiasi, lakini zote mbili zinaonyesha kwamba kwaya ilikuwa mali ya waimbaji tangu siku zake za mwanzo.

Kati ya viongozi wake, wawili wanastahili kutajwa kwanza, maana kwa pamoja waliishika kwa miaka 66. Henry Coward, aliyeiongoza kuanzia 1901 hadi 1932, alianza maisha akijifunza ufundi wa kutengeneza visu mjini Sheffield, akajisomesha hadi akawa mwalimu, na solfa ndiyo iliyomfungulia njia ya muziki. Hapa ndipo penye jibu la swali lako la mwisho. Solfa ilibuniwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaikuza na kuieneza ili watu wa kawaida waimbe bila kuwa na piano wala kusoma nota za mistari, na wamisionari wakaileta Afrika. Fungua daftari lako: nukta pacha inayotenganisha mapigo, na kistari kinachokuambia uendelee kuishika sauti, ndizo alama ambazo Coward aliwafundishia watu wa Sheffield.

Malcolm Sargent alimpokea Coward mwaka 1932 akaongoza hadi alipofariki mwaka 1967, na chini yake kwaya ilirekodi kwa ukamilifu, mwaka 1945, “The Dream of Gerontius” ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, kazi ndefu ya kwaya na okestra ambayo haikuwa imewahi kurekodiwa yote. Hata hivyo Sargent alikuwa mtu wa shughuli nyingi kwingineko. Aliyezinoa sauti mazoezini kwa miaka mingi ni Herbert Bardgett, ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Baadaye Jane Glover alikuwa kiongozi mkuu, 1989 hadi 1996.

Kuhusu kuyumba kwenu, tazameni tena kanuni ile ya 1842: miaka sita tu baada ya kuanzishwa, kwaya ilikwisha kuwa na mtunza maktaba, na nota zilikuwa za chama. Mchagueni mmoja wenu wa kunakili na kuhifadhi kila wimbo, na mwingine wa kuongoza mazoezi pamoja na mwalimu, kabla huyu mliye naye hajahama.