Kamera za Filamu Katika Hewa ya Bahari

SWALI: Assalaam aleikum. Ami yangu, Mungu amrehemu, ameniachia kamera ya Yashica Mat-124G aliyokuwa akipigia picha za harusi, na sasa nimepata hamu ya kukusanya kamera za filamu za zamani. Nianze na zipi, na nitatambuaje kwamba ninayouziwa ni nzima? Tena lenzi ya juu ya kamera hiyo imetanda nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui.
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Naanza na hilo la mwisho, kwani kwa mkaaji wa Lamu ndilo linaloamua mengine yote. Nyuzi hizo ni kuvu, ambayo huota penye giza na unyevu, na ikiachwa muda mrefu hutoa asidi inayochimba uso wa kioo kwa alama ambazo hata fundi hodari hawezi kuziondoa. Nafuu yako ni kwamba katika kamera hii lenzi ya juu ni ya kutazamia tu. Picha hupigwa kwa ile ya chini. Mpelekee fundi mapema.

Usizipange kamera zako kwenye zidaka za ukutani, ingawa najua zitapendeza, kwa sababu kuta za mawe na chokaa hushika unyevu, hasa wakati wa masika. Mifuko ya ngozi nayo ni adui aliyejificha: ihifadhi kando. Tafuta sanduku la plastiki lenye mfuniko usiopitisha hewa, utie silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, na kipima unyevu kidogo, na ujitahidi unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Wanaotia mchele badala ya silika jeli huishia kujaza vumbi ndani ya mitambo.

Katika kununua, napendelea kamera ambazo mitambo yake haitegemei umeme. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hutumia betri kwa kipima mwanga pekee, ilhali Canon AE-1 ya mwaka huohuo wa 1976 haipigi kabisa bila betri. Uliza pia aina ya filamu: ile ya 120, iliyoanza 1901, ingali inatengenezwa, lakini ya 620 ilikoma 1995, na kamera zake nyingi hubaki pambo.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya sekunde moja, kisha bonyeza na usikilize. Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ikikwama nusu ya njia, mafuta yake yameganda. Mulika tochi ndani ya lenzi kwa mshazari, maana ukitazama moja kwa moja hutaona kuvu changa. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa kamera zilizogeuka ulimbo zisikutishe, kwani kuzibadilisha ni kazi ndogo.

Kipima mwanga cha kamera ya ami yako kiliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeondolewa sokoni. Betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti takriban 1.4, inafaa ukiitengenezea kipete cha kuishikilia, lakini ya alkalaini ya volti 1.5 hukidanganya. Shata yenyewe haihitaji betri, kwa hiyo lenzi ya chini ikiwa safi, unaweza kuipakia filamu hata leo.