Mnaoanza kufundisha mpira wa Kigaeli, msomeni Mick O'Dwyer

Ndugu zangu mliojitolea kufundisha watoto kwenye klabu za hapa Ayalandi, hongereni. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, na mchezo huu wa Kiayalandi huchezwa kwa mikono na miguu, kwa hiyo mkono ndio unaotusumbua kwanza. Mchezaji akishafika hatua nne na mpira mkononi, lazima audundishe chini au auguse kwa mguu urudi mkononi, na haruhusiwi kudundisha mara mbili mfululizo. Anzeni na huo wa mguu. Mtoto auachie mpira chini chini, asiurushe, ncha ya kiatu ikiangalia juu. Ukirudi kifuani, amepata. Afanye akitembea, baadaye akikimbia, na mguu wa kushoto nao upate zamu yake. Mechi zitasubiri.

Kwenye ukocha wenyewe, ninayemtazama ni O'Dwyer wa Waterville, kaunti ya Kerry, aliyefariki 2025. Mwaka 1964 alivunjika miguu yote miwili. Alirudi uwanjani, beki akageuka mshambuliaji, akatwaa tena ubingwa wa Ayalandi 1969 na 1970. Alipokabidhiwa timu ya Kerry mwaka 1975 aliwakimbiza vijana mazoezini hasa, na mwaka huohuo wakawa mabingwa. Dublin wakawafunga 1976 na 1977. Hakuyumba: Kerry wakachukua ubingwa miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981. Fainali ya 1982 walikuwa mbele kwa pointi mbili, muda unakaribia kwisha, Seamus Darby wa Offaly akafunga goli. Goli ni pointi tatu, basi ubingwa wa tano mfululizo ukaota mbawa. Kocha huyo akarudi akachukua mingine mitatu, 1984 hadi 1986.

Kuna wanaosema kwa nyota wale wa Kerry, yeyote angeshinda. Waambieni habari za Kildare, kaunti nyingine aliyoifundisha. Aliwapa ubingwa wa jimbo la Leinster mwaka 1998, wa kwanza tangu 1956. Laois nao 2003, baada ya kuusubiri tangu 1946. Kwangu kazi hiyo ni kubwa kuliko makombe yote manane ya Kerry.

Kwa hiyo ukipewa timu ya pili ya watoto, ile isiyogombewa na mtu, ipokee kwa mikono miwili. Na ukipanda kwa wakubwa, kumbuka hakuna anayelipwa mshahara wa kucheza: kuna muuguzi wa zamu ya usiku, kuna fundi aliyebeba matofali kutwa. Waulize ratiba zao za kazi kabla hujapanga mazoezi ya wiki.