Siku ya mwisho ya msafara: kwa waongozaji wapya wa Usambara

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, mafunzo mengi yanahusu kuanza: kugawa mizigo, kueleza njia, kutambulishana. Kumalizia safari hakutajwi sana, na mimi naona ndiko kunakomtenganisha kiongozi na mtu anayejua njia tu.

Usiku wa kuamkia Mtae, mkiwa Rangwi, wageni wengi wameshafika tayari kwa mawazo. Msituni Magamba walikuwa wanaangalia kila mzizi. Sasa wanapiga picha huku wanatembea, na udongo wetu mwekundu ukipata mvua kidogo ya vuli hauna msamaha. Basi usiku huohuo, kabla ya chakula, waombe wavue viatu mkague miguu. Wengine wataona haya, hasa watu wazima, kwa hiyo anza kuvua wewe. Ngozi iliyoanza kuwa nyekundu kisiginoni ifunikwe plasta sasa hivi, isingoje lengelenge. Asubuhi, kabla ya mteremko, pita kwa kila mmoja uangalie kamba za viatu: zilegee kidogo juu ya vidole, zikazwe pale mguu unapokunjia kwenye kifundo. Kamba ikilegea hapo, mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ncha ya kiatu kwa saa nzima. Kucha nyingi zinazogeuka nyeusi chanzo chake ni hicho tu.

Anayechoka upesi mweke wa pili, nyuma yako kabisa. Akiwa wa mwisho, kila akifika mapumzikoni wenzake wameshapumzika na wanasimama kuondoka, yeye hata maji hajanywa. Msaidizi afunge nyuma. Kwenye njia panda usisogee mpaka umemwona kwa macho yako, maana vijia vya huku vinagawanyika karibu kila shamba. Na mwenye mzigo apishwe: mama anayeshuka na tenga la kabichi kuwahi soko la Lukozi hasimami kwa ajili ya kamera.

Mtae imekaa mgongoni mwa mlima, na chini yake nyika ya Mkomazi imetandaa. Jitahidi mfike kabla ukungu haujapanda, halafu nyamaza. Majina ya milima ya Upare utawatajia baadaye wakiuliza.

Tipu nayo ina adabu yake. Utaratibu wa mgawo ujulikane tangu Lushoto, na fedha zigawiwe hadharani, mpishi na wapagazi wakiwepo. Bahasha ikiingia mfukoni mwa kiongozi kimyakimya, msafara unaofuata utatafuta wapagazi usiwapate. Hali kadhalika mzigo: Kilimanjaro mpagazi hapaswi kuzidisha kilo 20, nawe usiache kutumia kipimo hicho kwa kuwa tu sisi tunaanzia mjini. Mnaporudi Lushoto, magari ya Mtae huondoka kabla hakujapambazuka, kwa hiyo nafasi zishikwe jioni.

Wageni waliokwenda Peru watakuuliza magofu yako wapi. Kule njia ya Inca, kama kilomita 43, inaishia kwenye magofu ya Machu Picchu yenyewe, na mtu anaingia akitokea juu kwenye Lango la Jua. Wajibu ukweli: magofu ya mawe ya Tanga yako pwani. Wenye siku ya ziada wapeleke Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kwenye barabara ya Pangani. Kuna mabaki ya msikiti wa matumbawe na makaburi ya nguzo, na nguzo nyingi zimeshaanguka. Waoneshe vishimo vya duara kwenye nguzo hizo, vilivyotengenezwa kushikilia bakuli na sahani za kauri kutoka ng'ambo. Hapo watu huelewa biashara ya Bahari ya Hindi kuliko kwa hotuba yoyote. Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilipita kwenye maji ya hapo.

Ila kabla hawajashuka garini, waambie wazi kuwa haya ni makaburi ya watu na hayakaliwi. Aliyetembea siku tatu milimani akiona ukuta mfupi wa mawe kivulini hukaa bila kufikiri, na kumwinua akishakaa ni fedheha kwake na kwako.