Kable ya kofia ya VR inanichosha

SWALI: Mukubwa, minakusalimia. Niko Himbi, hapa Goma, niko na Quest 2, kofia ya VR ya kuvaa ku macho ili uone mchezo kama uko ndani yake, na kompyuta ya kucheza michezo, lakini kable ya USB inanifunga miguu. Nikijaribu ku Wi-Fi ya nyumba picha inakwama. Minaweza kujitengenezea laini yangu ya mbio, ao mpaka nilipe intaneti kubwa?

JIBU: Mudogo yangu, acha intaneti, haiko na kazi hapa, picha inatoka ku kompyuta inaingia ku kofia, inaishia mule nyumbani. Angalia hesabu: macho mawili, nukta 1832 kwa 1920 kila moja, picha 90 kwa sekunde, ile ni karibu gigabiti 15 kila sekunde bila kuifinya! Hakuna Wi-Fi ya sebuleni itabeba ile, njo maana kompyuta inaifinya kwanza, Air Link, njia ya Meta yenyewe ya kutuma picha bila kable, inafika megabiti 200 kwa sekunde.

Sasa tafuta ruta ya Wi-Fi 6, uiweke mu chumba kile unachezea, kofia peke yake ku masafa ya gigahezi 5, simu za watoto zibakie ku ruta ya zamani. Kompyuta yenyewe uifunge ku ruta na kable ya Ethernet, na hapa njo watu wengi wanakosea, kama kompyuta nayo iko ku Wi-Fi, picha inapita hewani mara mbili. Mbele ya kulipa uliza kama tundu za kable za ruta ni za gigabiti, za bei ndogo zinaishia megabiti 100. Programu ya ALVR, nayo ya kutuma picha ku kofia bila kable, ni ya bure, anzia megabiti 80 kisha uongeze polepole.