Maswali na Majibu: Je, Klipu za Safari Zenye Ukungu Zinaweza "Kupandishwa" Ziwe 4K?

SWALI: Desemba iliyopita familia yetu ilisafiri kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha tukaenda kwa gari mpaka Kolo, Kondoa, kutazama michoro ya kale ya miambani. Tulirekodi kwa simu tatu, na klipu zote tukazikusanya kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ndiyo kwanza najifunza kuhariri. Nimeunganisha video ya dakika tisa, lakini picha zina ukungu na michoro yenyewe karibu haionekani. Fundi mmoja wa hapa Morogoro anataka shilingi 80,000 azipandishe klipu ziwe 4K, yaani video yenye picha kali zaidi. Je, nimlipe, au ninunue kwanza kompyuta yenye nguvu zaidi?

JIBU: Usimlipe, na kompyuta usinunue. Kabla hujaendelea kusoma, wapigie simu ndugu waliorekodi pamoja nawe, uwaombe wasifute chochote kwenye simu zao, kwa sababu video yako nzuri bado imo humo ikiwa hawajaifuta.

Swali kama lako naletewa karibu kila wiki, leo kuhusu harusi, kesho kuhusu mahafali au safari ya Umra, na chanzo chake ni imani ile ile kwamba ubora wa picha ni kitu cha kuongezwa baadaye, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi usiokolea. Ubora hurekodiwa siku ya tukio. Tangu hapo kazi ya mhariri ni kuutunza usipungue, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Tazama hesabu yenyewe. Simu ikirekodi kwa kipimo cha 1920 kwa 1080, kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video, ina pikseli (nukta ndogo za picha) 2,073,600. Klipu hiyo inapotumwa WhatsApp kama video ya kawaida, programu huipunguza na kuibana ili isile bando. Klipu nyingi ninazoletewa baada ya kupita njia hiyo huwa na pikseli 848 kwa 480, yaani 407,040 kwa fremu. Fremu ya 4K, yenye 3840 kwa 2160, inahitaji pikseli 8,294,400. Kwa hiyo fundi anayekuahidi 4K kutokana na klipu kama hizo anakuahidi picha ambayo, katika kila pikseli 20, takriban 19 zimekisiwa na mashine kwa kuangalia jirani zake. Faili litakuwa kubwa, litajaza diski yako, na litabaki na ukungu ule ule.

Kuhusu michoro kutoonekana, sababu yake inastahili kuelezwa vizuri. Video ya simu huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhi kipimo kimoja tu kwa kila pikseli nne, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua tofauti za mwangaza kwa undani zaidi kuliko tofauti za rangi. Sasa kumbuka ulichokiona Kolo: watu wembamba, warefu, waliochorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu iliyoiva, juu ya mwamba ambao mwangaza wake haupishani sana na mwangaza wa mistari hiyo. Kinachomtofautisha mtu yule na jiwe ni rangi kuliko kitu kingine, na rangi ndiyo iliyohifadhiwa kwa uchache. Klipu ikishapunguzwa na kubanwa tena, programu huichukulia mistari ile kama chembechembe tu za jiwe na kuilainisha. Ndiyo maana nyuso za watoto bado unazitambua, ilhali mchoro umegeuka kuwa doa kama la kutu.

Najua fundi atakujibu kwamba siku hizi kuna akili unde (AI). Ipo, nami naitumia kwa kazi chache, lakini lazima usemwe ukweli kuhusu inachofanya: hubuni maelezo yanayofanana na ya kweli. Mwaka jana mama mmoja aliniletea video ya marehemu baba yake iliyokuwa "imesafishwa" mahali fulani kwa malipo. Ngozi ilikuwa laini kama ya kijana, meno yamepangika, na makovu mawili madogo chini ya jicho la kushoto yalikuwa yametoweka. Alisimamisha video, akaweka kidole kwenye kioo pale makovu yalipokuwa, akasema, "Huyu si baba." Nilipomuuliza kuhusu faili la awali, aliniambia kwamba alilifuta baada ya kukabidhiwa kazi, kwa kuwa aliambiwa halihitajiki tena. Wanaouza huduma hii bila kumweleza mteja kwamba sura anayoichukua imebuniwa wanafanya jambo baya, na sioni sababu ya kulitafutia jina la upole.

Kwa upande wako, kagua majina ya mafaili. Klipu iliyopokelewa kupitia WhatsApp kwenye simu ya Android huwa na jina la mfano wa VID-20251228-WA0041, na herufi hizo WA zikiwamo, hilo si faili la kamera. Tafuta klipu hiyo hiyo katika folda ya kamera ya aliyeirekodi, kisha ihamishe kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kama ndugu yuko mbali, aitume kama dokumenti badala ya video. WhatsApp hupokea dokumenti hadi GB 2 na haiibani. Kitufe cha HD hupunguza madhara, lakini nacho hakitumi faili halisi.

Ukishapata mafaili hayo, badilisha klipu katika mradi wako moja baada ya nyingine. Mpangilio ulioufanya hautapotea. Weka mradi uwe wa 1920 kwa 1080, ikiwa hicho ndicho mlichorekodi, na unapotoa video ya mwisho usiteremke chini ya megabiti 8 kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachohifadhiwa kwa kila sekunde ya video. Kompyuta uliyonayo, kama imeweza kuunganisha dakika tisa, inatosha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lile linalofanyika baada ya kazi kukamilika. Watu huhariri, hutoa video moja, huituma kwenye kundi, kisha hufuta klipu za asili ili simu ipate nafasi. Mwaka unaofuata hupakua ile ya kwenye kundi na kuihariri upya, nayo hubanwa kwa mara ya tatu na ya nne. Tuliwahi kufanya kosa hili hili kwa kanda za VHS. Familia nyingi zilihamishia harusi zao kwenye VCD, zile diski za video za zamani, ambayo fremu yake ni 352 kwa 288 tu, zikatupa kanda, na leo hakuna pa kurudi hata vifaa bora vikipatikana. Faili la kamera ndilo kanda yako. Litunze kwenye diski mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu, na usikubali fundi yeyote alifute au akurudishie "lililosafishwa" peke yake.

Ikiwa klipu za Kolo zimeshafutwa kwenye simu zote, waulize ndugu zako kama kuna aliyepiga picha za mnato. Picha ya simu yenye megapikseli 12 ina takriban pikseli 4000 kwa 3000, ambazo ni nyingi kuliko fremu ya 4K, hivyo unaweza kuiweka kwenye video, ukaisogeza polepole kutoka kichwa cha mchoro hadi miguuni kwa sekunde sita au saba, na mistari ikasomeka. Picha hiyo nayo iombe kama dokumenti, na umwombe leo, kabla hajabadilisha simu.