Pawabenki ya taka: maswali kutoka Kigoma

Maswali haya yametoka kwa watu wa mkoa wetu wanaotaka kujitengenezea pawabenki kwa vitu vinavyotupwa nyumbani na shambani.

Mwanafunzi, Kasulu: Nimeona video mtu anachomeka limau msumari na waya wa shaba, simu inachaji. Ni kweli?

Si kweli, mwanangu. Limau moja lenye msumari wa bati na kipande cha shaba hutoa karibu volti 0.9, kwa hiyo ukiunga sita mfululizo utafikisha volti 5 ambazo simu inazitaka. Kinachokosekana ni mkondo. Limau hutoa kama miliampia 1, mara nyingi pungufu, na simu inataka 500 au zaidi. Hesabu mwenyewe: malimau elfu tatu! Tena umeme hautoki kwenye limau, unatoka kwenye zinki ya msumari inayoliwa na asidi. Chukua malimau matatu au manne, washa taa nyekundu ndogo ya LED darasani. Hilo linawezekana, na wenzako watajifunza.

Fundi simu, Mwandiga: Nina betri za laptopu chakavu. Nitajuaje seli nzima?

Hapa ndipo penye mali, fundi. Betri nyingi za laptopu za zamani zina seli, yaani betri ndogondogo za duara ndani yake, upana milimita 18, urefu 65, mara nyingi sita. Betri ikifa, kwa kawaida zilizokufa ni chache, nyingine bado zina nguvu.

Fungua kasha taratibu kwa kipande cha plastiki kigumu. Bisibisi ikitoboa seli, itawaka moto mkononi mwako. Kisha pima volti za seli moja moja kwa mita. Iliyo chini ya volti 2 iweke kando, usiifufue: ndani yake shaba imeanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kupiga shoti yenyewe. Zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, uziache wiki mbili bila kuzitumia. Iliyoshuka chini ya 4.0 haifai. Iliyopata moto wakati wa kuchaji nayo haifai, hata kama mita inaisifu.

Nakuomba usiziruke wiki hizo mbili kwa sababu mteja ana haraka. Ni yeye atakayelala na kitu hicho karibu na mto, na watoto wake chumba hichohicho.

Seli nzima ziunge chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zikiwa na volti sawa. Kibao cha saketi kitoe kwenye pawabenki iliyokufa betri tu: kiwe kinakata chaji ikijaa na ikiisha, na kinapandisha umeme hadi volti 5. Bila kibao hicho, usiendelee.

Mkulima wa michikichi: Maganda ya mise, zile kokwa za chikichi, yana kazi hapo?

Kwenye umeme wenyewe, hapana. Mkaa wa maganda unaweza kutunza chaji, lakini ni baada ya kupitishwa kwenye mvuke wa moto wa nyuzi 800 hadi 1,000, na jiko la nyumbani haliwezi kazi hiyo. Yaendelee kupikia. Shamba likupe kasha: pingili ya mwanzi mkavu, yenye matundu ya hewa.

Mvuvi, Kibirizi: Nikienda ziwani usiku, pawabenki hiyo itachaji simu mara ngapi?

Seli moja kuukuu yenye miliampia-saa 2,000, ukiondoa kinachopotea njiani, itajaza kitochi mara moja na nusu hivi. Simu janja yenye betri ya miliampia-saa 5,000 itapata kama theluthi tu. Chukua seli nne. Pawabenki ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Ikizama, kaka, usiichaji tena.

Mama, Ujiji: Seli zilizokufa nizitupe wapi? Watoto huzichoma kwenye shimo la taka.

Wazuie leo, dada. Seli hizi zikichomwa hulipuka, na moshi wake una sumu inayounguza mapafu. Ziwani pia zisiende, ndiko tunakovua dagaa. Ziba ncha zote mbili kwa teipu ya umeme, zitie kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, kopo likae nje, mbali na nyumba na jua. Likijaa, liulizie kwa wanunuzi wa betri chakavu, na kabla ya kulitoa waambie wazi ndani kuna seli za lithiamu, wasije wakazichanganya na za gari.