Si wanyonge wa kuhurumiwa tu

Ndugu, umesema wafanyakazi wa viwanda vya mwanzo Uingereza walikuwa watu wa kuonewa huruma tu. Sikubali. Tazama Rochdale, mji wa wafumaji karibu na Manchester. Ujira kiduchu, na wenye maduka walichakachua unga. Ukila kwa mkopo utalalamikia wapi?

Mwaka 1844 watu wapatao 28 wakachanga pauni moja moja, kila mmoja akilipa kidogo kidogo, peni (senti za Kiingereza) chache kila wiki, na tarehe 21 Desemba wakafungua duka lao. Bidhaa zenyewe? Unga, siagi, sukari, mishumaa, basi! Lakini mizani haikudanganya, faida iligawiwa kwa wanunuzi, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa ngapi. Vyama vyetu vya ushirika navyo vinafuata kanuni hiyo ya kura.